Kifyatulio Kinachokaa Vizuri Kidoleni

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni ki-fya-tu-li-o: kile kichuma cha bunduki kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke.

Mwenzetu wa Mbagala, mwindaji mwenye leseni, anauliza: "Mwalimu, kifyatulio changu ni kigumu. Nikivuta, mtutu unayumba. Ninunue kipi?"

Swali zuri. Bunduki nyingi za kuwindia hutoka kiwandani na kifyatulio kinachotaka nguvu ya kilo 2 au zaidi. Mkono hujikaza, shabaha hupotea, mnyama hupigwa tumboni akakimbia na jeraha. Ndiyo maana viko viwanda vya vifyatulio vya kubadilisha. Timney wa Marekani wanavitengeneza tangu 1946.

Lakini usikimbilie kilicho chepesi mno. Kwa mwindaji, kilo 1 na nusu hivi yatosha. Kilicho chepesi sana kiachieni walenga shabaha waliokaa mezani. Porini mtu huhema, na kidole hutetemeka.

Kabla ya kujaribu, toa risasi zote, chungulia chemba, kisha chungulia tena. Elekeza mtutu mahali salama. Vuta polepole. Kifyatulio kizuri hakiburuzi. Hukatika mara moja kama kijiti kikavu. Mauser za zamani za mtindo wa 1898 huvutwa kwa hatua mbili, kwanza ulegevu, kisha kizuizi. Wengine huuita ubovu. Zimeundwa hivyo, nami nazipenda.

Kupima uzito, chukua mizani ya ndoano kama ya wauza samaki. Ivute mara tano. Hesabu zikipishana sana, kikatae.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliziita zirudi bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006. Gundi iliyozidi kiwandani iliweza kuzifanya zifyatuke bila kidole kuvuta. Ikiwa kiwanda kikubwa kilikosea, je, tupa la nyumbani?

Kwa hiyo mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni, kama itakavyo sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Akimaliza, aikoki ikiwa tupu, akigonge kitako juu ya kipande cha mpira. Ikilia "ta!", usiichukue, aanze upya.

Haya, andikeni: mtutu, kitako, chemba, mizani. Mwenye kalamu mbili amwazime jirani.