Farasi Aliyewashinda Wengine

Wanangu, leo darasa letu liko hapa Posta, Dar es Salaam, mbele ya Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora. Mtazameni vizuri. Amesimama kwa miguu yake mwenyewe, bunduki yenye singe mkononi, uso umeelekea bandarini. Yuko hapo tangu mwaka 1927. Nendeni London, nendeni Paris, mtakuta majemadari wa shaba wamekaa juu ya farasi wa shaba. Sisi tuna mtu wa miguu. Farasi wake yuko wapi?

Jibu linaanza na mdudu. Mbung'o ni inzi anyonyaye damu, na katika sehemu nyingi za bara hubeba vijidudu vya ugonjwa uitwao nagana. Nyati na pofu huishi na vijidudu hivyo bila kudhoofika. Farasi akivipata hushikwa na homa, hukonda, damu humpungukia, na mara nyingi mwisho wake ni kifo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone akiwa na farasi wawili. Safari ikiwa bado changa, maradhi yaliwaua wote wawili. Stanley aliendelea mbele kwa nguvu za wapagazi, kama ilivyokuwa misafara yote ya njia ile. Pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilisafiri kati ya Ujiji na pwani juu ya vichwa na mabega ya watu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, farasi na nyumbu wa majeshi walikufa kwa maelfu, na mzigo ukamrudia binadamu. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, na jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, likapiga kambi pale ambapo leo mnakwenda kununua viatu vya shule, Kariakoo. Wapagazi wengi walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi. Basi mkimwona Askari bila farasi, mjue kwamba katika nchi hii mtu alifanya kazi ya farasi, na aliilipia kwa mwili wake.

Lakini msidhani pwani yetu haikumjua mnyama huyu. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba watoto wa Sultani walifundishwa kupanda farasi na punda wakiwa bado wadogo sana, wasichana kwa wavulana. Wasichana walipewa punda weupe wakubwa wa Maskati. Salme alikuwa na kaka aliyempenda, aliyemfundisha kutumia upanga na kulenga shabaha. Kaka huyo ni Majid, yule yule Sultani Majid aliyeanza kuujenga mji huu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Katika nyumba ile kupanda lilikuwa somo kama masomo mengine, na mtoto wa mfalme hakusamehewa.

Na leo farasi tunaye. Jeshi letu la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Huenda siku ya sikukuu mmewaona askari wake ufukweni Coco, juu ya wanyama warefu wanaopita polepole katikati ya umati. Watu hutoa simu wakapiga picha, kisha wakaendelea na mihogo yao. Mimi nataka tukae na jambo moja ambalo picha haionyeshi: utulivu ule umetoka wapi?

Hebu mchukue farasi mgeni, kwa mawazo tu, umpitishe Mtaa wa Msimbazi saa tano asubuhi. Spika inapiga kelele bei ya mashati. Mkokoteni umejaa magunia, na msukumaji anapaza sauti apishwe. Bodaboda inapenya upande huu, bajaji upande ule. Mama anafungua mwavuli, turubai la buluu linapepea, mfuko wa plastiki unaruka na upepo. Wewe huoni ajabu, umezaliwa humo. Farasi anaona vitu kumi vinavyotaka kumla.

Ndiyo, kumla. Farasi ni mnyama anayewindwa, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya kukimbia kabla ya kuuliza. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mkia. Ukimjia kutoka nyuma bila kusema neno, umemjia kama simba ajavyo. Ngozi yake inahisi inzi akitua. Masikio yake yanazunguka kila moja kwa njia yake. Anaweza kulala akiwa amesimama, ili akishtuka asipoteze muda wa kuinuka. Na mnyama huyo mwenye wasiwasi ana uzito wa kilo 500 hivi. Akiamua kuondoka, hakuna mkono wa mtu utakaomzuia.

Sasa mmeelewa farasi mgumu ni yupi. Ni yule anayeuma akiguswa, anayesimama kwa miguu ya nyuma akiona tandiko, anayemwangusha kila anayempanda, hata watu wakasema hafai, auzwe. Wahenga wetu walisema asante ya punda ni mateke, na binadamu wasio na shukrani wamesemwa vya kutosha kwa methali hiyo. Lakini aliyekaa na punda au farasi siku nyingi anajua kwamba teke lina sababu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwona farasi mgumu awe daktari wa mifugo. Huenda jino limechongoka na linamkata shavu kila hatamu inapovutwa. Huenda tandiko linambana mgongo, au kwato lina kidonda. Ukimchapa mnyama kwa sababu ya maumivu, umemfundisha kwamba alikuwa sahihi kukuogopa.

Maumivu yakishaondolewa, kinachobaki ni woga, na hapa nawapa hadithi ambayo Plutarch wa Ugiriki aliiandika karibu miaka 1900 iliyopita. Mfalme Philip wa Makedonia aliletewa farasi wa bei kubwa, talanta 13, jina lake Bucephalus. Hakuna aliyeweza kumpanda. Alipiga mateke, alisimama wima, aliwafukuza watumishi wote, na mfalme akaamuru arudishwe. Mtoto wa mfalme, Alexander, alikuwa bado mvulana. Yeye alitumia macho wakati wenzake wanatumia nguvu, akaona kitu kimoja: farasi alikuwa anakiogopa kivuli chake mwenyewe, kilichorukaruka mbele yake kila aliporuka. Alexander akaenda, akashika hatamu, akamgeuza farasi alielekee jua. Kivuli kikaangukia nyuma. Akampapasa, akatembea naye, akaliacha joho lake lidondoke taratibu, kisha akapanda. Farasi yule alimbeba Alexander Mkuu hadi vita vya mbali kule kunakoitwa leo Pakistani.

Naipenda hadithi hiyo, ila ina upungufu mmoja: inakwisha alasiri moja. Farasi wengi hawapatikani kwa alasiri moja. Ukweli wa kazi hii ni mrefu zaidi, na naona ndani ya urefu huo ndimo ulimo utamu wake.

Askari kijana akikabidhiwa farasi wa namna hii, siku za kwanza hafanyi jambo la kuonekana. Anaingia bandani, anasimama kando, anaacha kumkodolea macho. Anazungumza kwa sauti ya chini ili farasi ajue aliko. Anamkaribia kwa upande wa bega, mahali anapoonekana, wala hamwendei usoni. Mkono unagusa bega, unaondoka kabla farasi hajakereka. Kesho unakaa kidogo zaidi.

Kisha linakuja somo la kamba, na hili ndilo moyo wa ufundi wote. Unaivuta kamba kidogo, kwa uzito mdogo usioumiza, na unangoja. Farasi anatikisa kichwa, unangoja. Anarudi nyuma, unakwenda naye na unangoja. Anapopiga hatua moja mbele, hata nusu hatua, unalegeza pale pale. Farasi hajifunzi kutokana na kuvutwa, hujifunza kutokana na kulegezewa. Ukichelewa kulegeza, hajui amefanya nini vizuri. Ukilegeza wakati anagoma, umemfundisha kugoma. Kwa hiyo kila siku farasi anapata somo kutoka kwa mikono yako, upende usipende.

Hapo ndipo ugumu unapohamia kwako. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Uliza mbili na tatu ni ngapi, Hans anagonga kwato mara tano. Watu walistaajabu. Mwaka 1907 mtaalamu Oskar Pfungst alieleza siri yake: Hans hakujua hesabu, alimsoma muulizaji. Idadi ilipofika, kichwa cha muulizaji kilisogea kidogo sana bila mwenyewe kujua, na farasi akaacha kugonga. Muulizaji asiyejua jibu alimfanya Hans akosee. Watu wengine walivunjika moyo kwa habari hiyo. Mimi naona ni ajabu kubwa kuliko hesabu! Farasi aliona kitu ambacho umati mzima wa watu haukukiona.

Basi fikirini: mnyama wa aina hiyo unamdanganya vipi? Ukiingia bandani na hasira ya nyumbani, anaisoma kwenye mabega yako. Ukijifanya jasiri huku pumzi imekubana, anaisikia pumzi. Hajali cheo chako, hajui baba yako ni nani. Huwezi kumwomba rafiki akusaidie kuaminika. Inakubidi utulie kweli, na kutulia kweli kunafundishwa kwa kurudia, kama somo lolote.

Imani ya farasi ni kama kibubu. Unatumbukiza sarafu moja leo, moja kesho, na kwa nje hakuna kinachobadilika. Kipigo kimoja cha hasira kinakivunja chote, na lazima uanze tena kuokota.

Mwezi unapita, na mingine. Kitambaa kinawekwa mgongoni kabla ya tandiko, naye anaachwa akinuse kwanza. Mtu anaegemea mgongoni kabla ya kukaa. Halafu zinaanza kelele, na katika vikosi vya farasi vya polisi duniani njia ni moja: kidogo kidogo. Ngoma inapigwa mbali, kesho karibu. Mwavuli unafunguliwa polepole, kisha kwa ghafla. Mpira unaviringishwa miguuni, bendera inapepea, kundi la watu linapiga vigelegele. Farasi mzoefu anawekwa kando ya mgeni, kwa sababu farasi humwamini mwenzake kuliko hotuba yoyote. Zipo siku za kurudi nyuma. Mvua inapiga bati kwa kishindo, na kazi ya wiki nzima inapotea. Mwenye subira anarudi kwenye somo la juzi bila kinyongo, na farasi analikumbuka haraka kuliko mara ya kwanza.

Mtajuaje kwamba kazi imefanikiwa? Tazameni masikio. Zamani likitokea jambo la kushtua, masikio yote mawili yalielekea kwenye jambo hilo, na mwili ukafuata kukimbia. Sasa pikipiki inapiga mlio, farasi anashtuka, sikio moja linaelekea kwenye pikipiki, na la pili linageuka nyuma, kwa aliyempanda. Anauliza: tufanye nini? Mpandaji anashusha pumzi, anasema neno moja la upole, nao wanaendelea kutembea.

Sikio lile la pili ndilo malipo. Kariakoo mtanunua karibu kila kitu, kuanzia sindano hadi injini ya gari, na tajiri anaweza kununua hata farasi aliyekwisha kufundishwa na mtu mwingine. Hilo sikio haliuzwi. Linageuka kwa mtu aliyekuwapo asubuhi za mvua, aliyelegeza kamba kwa wakati, aliyejizuia mkono ulipotaka kupiga. Kwa hiyo mtu huyo akiwa na fahari, msimwite mwenye majivuno. Mwenye majivuno anataka mumtazame yeye. Huyu atawaambia kwa furaha mambo ya farasi wake: anavyopenda kukunwa shingoni, alivyoliogopa turubai, na alivyolipita kwa mara ya kwanza. Fahari yake ina ushahidi wa miguu minne.

Wengi wenu hamtapata farasi hapa mjini, najua. Lakini yuko mbwa wa jirani anayebweka kwa woga, yuko mbuzi wa bibi asiyekubali kukamwa, yuko punda kijijini kwa babu ambaye kila mtu amemchoka. Mkikabidhiwa mnyama aliyewashinda wengine, kabla hamjaomba abadilishwe, ulizeni anaumwa wapi na anaogopa nini. Kisha mrudi kwake kesho, na kesho kutwa, kwa mkono ule ule wa upole. Siku atakapowageuzia sikio, furahini wazi, mwambieni kila mtu. Mtakuwa mmeipata fahari hiyo kwa haki.