Kuchagua Kitambaa cha Mfarishi

Usiku wa kipupwe huwa na baridi Nyarugusu na kote katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Ukishona mfarishi nyumbani, kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa katika pamba au sufi ya ndani. Kwa hiyo tunashauri kitambaa kilichofumwa kwa kushikana. Kipulize: pumzi ikipenya kwa urahisi, upepo nao utapenya.

Ukiuziwa “pamba tupu”, omba uzi mmoja, uuchome mbali na bidhaa. Pamba huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, na ikiyeyuka mwilini hugandamana na ngozi. Pamba nayo huungua. Mfarishi wowote usikaribie jiko. Dai risiti daima.