Osia: au iwe hivi

Osia ni neno la Kiitaliano, “o sia”, yaani “au iwe”. Watunzi wa muziki huliandika penye kifungu kinachoweza kupigwa badala ya kingine. Wengi hudhani ni ruhusa kwa wasioweza kile kigumu. Mara nyingi ndivyo, ila si kila mara.

Tuchukue koncheto ya tatu ya Rachmaninoff, ya mwaka 1909. Katika sehemu ya kwanza okestra hunyamaza, piano ikabaki peke yake. Hapo huitwa kadenza, na njia ni mbili. Moja ni nyepesi, vidole vinakimbia. Nyingine, yenye alama ya osia, ni nzito, imejaa akodi za mikono miwili. Hapa osia ndiyo ngumu zaidi! Van Cliburn aliipiga Moscow mwaka 1958 na akashinda. Rachmaninoff mwenyewe, aliporekodi na okestra ya Philadelphia mwaka 1939 na 1940, alipiga ile nyepesi. Zote mbili huishia palepale: piano inatulia, filimbi inaingia.

Mimi siwezi kupiga hata moja. Kinanda cha kwaya yetu hapa Mugunga kina vitufe 61, piano ina 88. Nasikiliza kwenye simu, umeme ukiwapo.

Nayaandika haya kwa sababu ya kazi yangu ya mwisho. Mama mkubwa alinisimulia mara mbili siku ya lava, Januari 2002. Tulipokuwa wawili jikoni alisema, “Batu bote balikimbia,” akapita haraka. Mbele ya wageni wa kanisa ikawa “Watu wote walikimbia”, na humo akaongeza moshi, magodoro vichwani, watoto wakilia. Masimulizi yote mawili yanakutana Sake, anapopika maharagwe kando ya barabara.

Mhadhiri mmoja alinishauri niache lile sanifu, lingine niliweke kwenye tanbihi kama makosa. Nilifuta. Baada ya siku mbili nikarudisha, maana tanbihi ingemwambia msomaji kwamba yule wa jikoni alikosea, na msemaji ni yuleyule. Mpiga piano hulazimika kuchagua njia moja. Ukurasa unabeba mbili. Basi nimeweka “batu” kwenye mstari mkuu, kwa kuwa ndivyo alivyoanza, na “watu” juu yake, hadi Sake.

Nilipomsomea, mama mkubwa aliuliza kwa nini maharagwe nimeyaandika mara moja tu.