Povu la Maua ya Elda: Sayansi na Usalama wa Kinywaji Kinachochachuka Chupani

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, kingo za mashamba na njia za vijijini nchini Uingereza na katika sehemu kubwa ya Ulaya hujaa vichaka vya elda, mmea unaojulikana kitaalamu kama Sambucus nigra, ambao huchanua vichala bapa, vipana kama kiganja au zaidi, vyenye maua madogo ya rangi ya malai yanayonukia sana. Maua hayo yakilowekwa katika maji yenye sukari na limau, kisha maji hayo yakafungiwa chupani, hutoa kinywaji chenye povu ambacho Waromania hukiita socată, na ambacho Waingereza wamezoea kukiita shampeni ya elda, ingawa mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilizuia jina hilo kutumika kibiashara kufuatia madai ya watengenezaji wa shampeni ya Ufaransa. Kwa macho kinywaji hicho hakitofautiani sana na soda, lakini soda hutiwa gesi kwa mashine na kiwango chake hupimwa kiwandani, ilhali elda hujitengenezea gesi yenyewe na huendelea kuitengeneza hata baada ya chupa kufungwa, na hapo ndipo ilipo hatari yake kubwa.

Kinachotengeneza gesi hiyo ni hamira, yaani viumbehai vya seli moja vya jamii ya kuvu, ambavyo huishi kiasili juu ya maua pamoja na chavua, ile poda ya manjano inayobeba pia sehemu kubwa ya harufu ya ua. Hamira hutoa vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Kimeng'enya kimoja huivunja sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi, na vingine huzigeuza sukari hizo kuwa alkoholi na kabonidioksidi, kwa uwiano ambao gramu 180 za glukosi hutoa takriban gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Mchakato huu, unaoitwa uchachushaji, ndio uleule unaoligeuza tembo la mnazi la pwani ya Afrika Mashariki kutoka utamu wa asubuhi hadi ukali wa jioni, nalo pia hutegemea hamira za porini ambazo hakuna aliyezitia kwa makusudi.

Kwa sababu hiyo maua huchumwa siku kavu yenye jua, yakiwa yamefunguka vizuri, na hayaoshwi, kwa kuwa maji yangeondoa chavua na hamira kwa pamoja. Hukung'utwa tu ili wadudu watoke. Kipimo cha kawaida ni vichala sita hivi kwa lita 4 za maji, gramu 500 za sukari, malimau mawili na vijiko viwili vya siki nyeupe. Sukari huyeyushwa kwanza katika maji ya moto kidogo, kisha huongezwa maji baridi, na maua hutiwa baada ya mchanganyiko kupoa kabisa, kwani joto kali huua hamira. Limau na siki si vya ladha pekee, maana asidi yake huwazuia bakteria wengi waharibifu, ilhali hamira huweza kuistahimili. Chombo hufunikwa kwa kitambaa safi kwa siku moja au mbili, kisha maji huchujwa na kutiwa chupani. Ikiwa hakuna dalili ya viputo baada ya siku kadhaa, huongezwa chembe chache za hamira ya dukani. Ukungu ukionekana juu, mchanganyiko wote humwagwa.

Chupa ndiyo inayostahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Watengenezaji wa shampeni, wanapotaka povu, huongeza takriban gramu 24 za sukari kwa kila lita ya mvinyo, na kiasi hicho kidogo hutosha kuleta mgandamizo wa karibu mara sita ya ule wa hewa ya kawaida, ndiyo maana chupa zao huwa nene na nzito. Kipimo cha elda kilichotajwa hapo juu kina zaidi ya gramu 120 kwa lita, yaani mara tano ya hapo. Iwapo hamira ingeimaliza sukari yote, lita moja ya kinywaji ingezalisha zaidi ya lita 30 za gesi, na hakuna chupa ya nyumbani inayoweza kuzihifadhi. Chupa za kioo chembamba, mitungi ya jemu na chupa za mapambo hupasuka bila onyo na kurusha vipande vinavyoweza kutoboa jicho. Chupa ya plastiki ya soda ni salama zaidi, si kwa uimara wake tu, bali kwa sababu huonyesha hali ya ndani: ikibonyea kwa vidole bado gesi ni kidogo, na ikiwa ngumu isiyobonyea, kizibo hulegezwa taratibu hadi gesi ipungue, kazi ambayo siku za joto huhitaji kufanywa kila siku. Baada ya wiki moja hivi kinywaji huwekwa kwenye jokofu, ambalo hupunguza kasi ya hamira pasipo kuisimamisha, hivyo hakifai kusahauliwa humo kwa miezi.

Hatari ya pili imo katika mmea wenyewe. Majani, vikonyo, mbegu na matunda mabichi ya elda yana sambunigrini, kemikali ambayo sehemu hizo zikipondwa huweza kutoa sianidi, sumu inayozuia seli kutumia oksijeni. Mwaka 1983, katika wilaya ya Monterey, California, watu 11 waliugua kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu baada ya kunywa maji ya matunda mabichi ya elda ya huko yaliyokamuliwa pamoja na majani na matawi, na wanane kati yao walipelekwa hospitali kwa helikopta. Maua hayana tatizo la kiwango hicho, lakini yapasa kukatwa kwa mkasi karibu kabisa na ua, vikonyo vinene vikaachwa. Mchumaji ahakikishe pia kwamba anachuma kutoka kwenye kichaka chenye shina la mti na gome, kwa kuwa mimea laini ya porini yenye maua meupe yanayofanana nayo, ukiwemo hemloki, huweza kuua. Mmea wa jenasi hiyohiyo huota katika misitu ya milimani ya Kenya, lakini si elda hii, wala haufai kutumiwa badala yake.

Kuhusu alkoholi, madai kwamba kinywaji hiki hakina kitu hayana msingi. Kikinywewa mapema huwa na kiasi kidogo, lakini kikiachwa mpaka sukari iishe, kipimo hicho huweza kufikia takriban asilimia 7, ambayo ni zaidi ya bia nyingi. Kwa hiyo si kinywaji cha watoto wala wajawazito, wala hakimfai anayetumia dawa zisizopatana na pombe, au Mwislamu anayejiepusha na kileo. Watu hao wanayo njia nyingine nzuri, nayo ni sharubati: kilo moja ya sukari huchemshwa katika nusu lita ya maji na kumiminiwa juu ya maua na limau ikiwa ya moto, ili joto liue hamira nyingi na wingi wa sukari uzinyime maji zile zitakazobaki. Baada ya siku moja huchujwa, huhifadhiwa kwenye jokofu, na wakati wa kunywa huchanganywa na maji yaliyotiwa gesi, maji ambayo Joseph Priestley alieleza namna ya kuyatengeneza mwaka 1772, baada ya kuichunguza gesi iliyokuwa ikitanda juu ya mapipa ya pombe katika kiwanda kimoja mjini Leeds.