Tiara ya Majini: Kabla ya Kununua, Kagua

Askari mmoja kijana wa hapa Rusizi alirejea kutoka likizo ya Zanzibar akiwa na mfuko uliolizidi begi lake la safari. Alipoufungua mbele yetu ilitoka tiara nyekundu ya kitambaa, yenye eneo la mita za mraba 14, pamoja na kamba, mpini na ubao. Huko Paje alikuwa amewaona vijana wakiteleza juu ya bahari wakivutwa na tiara hizo, ambazo wao huziita kaiti, naye akanunua moja iliyokwisha kutumika. "Afande," alituambia, "Jumamosi naijaribu Kivu."

Tulimwomba atupe siku moja tuikague kwanza, kama ikaguliwavyo silaha kabla ya kwenda kulenga shabaha.

Mchezo wenyewe si wa kubezwa. Wafaransa wawili wa tumbo moja, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliosajili mwaka 1984 tiara yenye mirija inayojazwa upepo kwa pampu, ili ikianguka majini ielee na iweze kurushwa tena. Mwaka 2024 mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, na mashindano yake yakafanyika Marseille. Lakini wenzetu wengi wanaouanza huuliza swali moja tu: tiara ipi inavuta kwa nguvu? Sisi twaona swali la kwanza ni jingine kabisa: ipi itaniachia nitakapotaka iniachie?

Pale kamba zinapoungana na mkanda wa kiunoni pana kifungulio cha dharura. Kikisukumwa, tiara hupoteza nguvu na kubaki imeshikwa kwa kamba moja tu ya usalama. Mkono hauna budi kukijua kilipo, kama askari ajuavyo kufungua bunduki yake na kuifunga akiwa amefumba macho. Kifungulio cha kijana wetu kilikuwa kimeshikwa na chumvi na mchanga. Tulikisukuma sisi, akakisukuma yeye, hakikusogea. Na kitu hicho ndicho alichokusudia kujifungia kiunoni siku ya Jumamosi.

Baada ya hapo tuliutazama ukubwa. Kwa kukadiria, zidisha uzito wa mwili kwa 4, kisha gawanya kwa kasi ya upepo ya kilomita kwa saa. Utapata mita za mraba. Kijana ana kilo 62. Katika upepo wa kilomita 28 kwa saa, ambao ni upepo wa kawaida wa kujifunzia, hesabu humpa 9. Alinunua 14! Aliyemwuzia hakumwuliza hata uzito wake.

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani hawana haja ya kulifikiria. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Paje kwa kadiri ya asilimia 13. Upepo wa kasi ile ile huvuta kidogo zaidi huku, hivyo 9 ya pwani huwa kama 10 kwetu. Basi anayejifunza hapa asiichukue tiara hiyo hiyo na kushuka nayo baharini akidhani nguvu zake anazijua.

Tena upepo wetu si kusi wala kaskazi inayovuma siku nzima juu ya ufuko tambarare. Milima imeshuka hadi majini, na upepo unaopita juu yake hujikunja na kubadilika ghafla. Usiku na alfajiri hewa hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, mchana hugeuka. Atakayerusha tiara asubuhi pwani ya Kamembe atasukumwa mbali na nchi kavu, na mbele yake ni Bukavu. Raia akipotelea huko ni ajali. Askari akiokotwa ng'ambo ya mpaka bila kibali, hata akiwa amevaa kaptula ya kuogelea, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa, pengine kwa serikali mbili.

Kwa sababu hiyo tulimpangia manunuzi upya. Kofia ngumu na jaketi la kuelea kwanza. Jaketi liwe fupi, lisiufunike mkanda wa kiunoni wala kifungulio. Kisha tiara ndogo ya mazoezi, ya mita za mraba 2 au 3, ya kurushwa nchi kavu, mbali na nyaya za umeme na miti. Tiara ya majini hufuata baadaye, na kwa iliyotumika yafaa kuijaza upepo na kuiacha saa kadhaa uone kama inavuja, na kuzinyoosha kamba zote pamoja uone kama urefu wake unalingana. Ubao ndio wa mwisho. Mwanafunzi huhitaji ubao mpana na mrefu, wala si lazima uwe wa bei kubwa. Na mafunzo ya majini ayafuate Paje, kwa mwalimu, katika likizo ijayo.

Jioni sasa kijana huonekana kwenye uwanja wa mpira na tiara yake ndogo, watoto wakimfuata nyuma. Ile nyekundu imo ghalani ikisubiri kifungulio kipya, na ubao umeegemezwa ukutani, haujagusa maji ya Kivu.