Maziwa Mawili ya Italia kwa Treni: Anza na Lililo Mbali

Wapo maofisa na askari wa nchi za Afrika wapelekwao Italia kwa masomo. Walio polisi hupokewa aghalabu katika mji wa Vicenza, ambako tangu mwaka 2005 pana kituo kinachoendeshwa na Carabinieri, askari polisi wa Italia, cha kuwafunza wale wanaotazamiwa kutumwa kulinda amani. Ifikapo mwisho wa juma mwanafunzi hupata ruhusa ya siku mbili, hufungua ramani, na jicho lake huvutwa na madoa mawili ya buluu chini ya milima ya Alpi: Ziwa Garda na Ziwa Como. Kwa rula, kutoka moja hadi jingine ni kilomita mia moja na kidogo. Nasi tulipima kwa rula, na nusura rula hiyo itutie matatani.

Kwetu sisi tuliozoea Ziwa Victoria, maziwa hayo ni madogo. Garda, lililo kubwa kuliko yote nchini humo, lina kilomita za mraba 370 tu. Lakini mtu asiyadharau. Como lina kina cha zaidi ya mita 400, ilhali Victoria halifiki hata mita mia. Ni mabonde yaliyochimbwa na barafu ya zamani, yakajaa maji, na kuta zake ni milima inayosimama wima kutoka ukingoni.

Milima hiyo ndiyo impasayo msafiri kuitazama kwanza. Mabonde mengi ya upande ule hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo hakuna reli ikatayo moja kwa moja kutoka ziwa hata ziwa. Atokaye Garda hana budi kushuka tambarare, aende magharibi, kisha apande tena. Kusini mwa Garda hupita reli kuu iendayo Milano kutoka Venezia, yenye stesheni za Peschiera na Desenzano, na Vicenza imo katika reli hiyo hiyo. Kwa upande wa Como, reli hufuata ukingo wa mashariki kutoka Lecco, na stesheni ifaayo zaidi ni Varenna, iliyo mbali na Milano kwa saa moja na dakika chache. Ukingo wa magharibi, ukishaupita mji wa Como wenyewe, hauna reli kabisa. Huko ni meli na basi.

Ipo pia njia ya mkato kupitia Brescia, Bergamo na Lecco. Katika ramani yapendeza. Ila ina kubadili treni mara nyingi, na pengine reli hufungwa kwa ujenzi, abiria wakapandishwa mabasi. Sisi hatukuichagua, na katika hilo tu hatukukosea.

Tulikuwa watatu: mwandishi wa habari hizi na maaskari polisi wawili, mmoja wao sajini mtu mzima, mkimya. Ruhusa yetu ilikoma Jumapili saa nne ya usiku. Tulipanga kama wapangavyo vijana: Jumamosi Garda, kwa kuwa li karibu; Jumapili Como. Shabaha yetu ya Jumapili ilikuwa Dongo, kijiji cha ukingo wa magharibi, ambako tarehe 27 Aprili 1945 wapiganaji wa msituni walilisimamisha kundi la magari ya Wajerumani na kumkuta ndani yake Mussolini, amevaa koti la askari wa Kijerumani. Kesho yake aliuawa kwa risasi karibu na ziwa lile lile. Kwa kuwa serikali yake ya mwisho ilikuwa Salò, kando ya Garda, tuliona ni jambo zuri kuyaona maziwa yote mawili kwa mfuatano wa historia.

Jumapili hiyo tulifika Varenna karibu na saa sita ya mchana. Tukavuka kwa kivuko hadi Bellagio, safari ya robo saa, na hapo tukajisahau. Mji ni mzuri, na tulikuwa na fedha kidogo za kununua aiskrimu. Tulipovuka tena hadi Menaggio ilikuwa saa tisa na nusu, na basi la Dongo lilibakiza saa nzima. Sajini akatoa karatasi mfukoni akaanza kuhesabu kinyumenyume: langoni saa nne, Vicenza stesheni saa tatu na nusu, kutoka Varenna hadi Vicenza, pamoja na kungoja Milano, saa nne kamili.

"Afande," aliuliza, "tunakwenda Dongo, au tunarudi kambini?"

Tulirudi. Tulipita langoni zikiwa zimesalia dakika kumi, jasho likitutoka, na Dongo hatukuiona.

Majuma matatu baadaye tuliomba ruhusa tena, na safari hii mpango aliuandika sajini. Aligeuza kila kitu. Jumamosi alfajiri tulikwenda moja kwa moja hadi ziwa la mbali, tukalala huko, ili kila saa ya Jumapili ituvute kuelekea kambini. Alitukataza treni yoyote ambayo nyuma yake haikuwa na nyingine ya kutuokoa. Tikiti za karatasi za treni za kawaida alizigonga mwenyewe katika mashine ya stesheni kabla ya kupanda, kwani asiyegonga hutozwa faini hata kama amelipa nauli. Alikuwa amekwisha kuuliza pia kama pana mgomo. Siku za kazi, mgomo ukiwapo, treni za abiria wa kila siku huhakikishwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, asubuhi na jioni. Jumapili hapana ahadi hiyo.

Dongo tuliiona Jumamosi alasiri: uwanja mdogo, maji, na milima. Jumapili adhuhuri tulishuka Desenzano, tukachangiana teksi hadi Solferino. Hapo, tarehe 24 Juni 1859, Wafaransa na Waitalia walipambana na Waaustria, na Henry Dunant, raia wa Uswisi, alipoona majeruhi walivyoachwa bila tabibu, alianza kazi iliyozaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863 na Mkataba wa Geneva mwaka uliofuata. Kanisani imepangwa mifupa ya maelfu ya askari, ya pande zote, bila kutenganishwa. Sajini alivua kofia, akasimama mbele ya mafuvu yale muda mrefu kuliko alivyotuandikia katika ratiba yake.

Hatukumharakisha. Treni ya Verona ilikuwa bado saa moja na nusu, na nyuma yake ilikuwapo nyingine.