VIJANA NA MASHINDANO YA KUSOMA HERUFI ZA UHAI

Sura ya Al-Alaq, ambayo aya zake za mwanzo ndizo zilizotangulia kumteremkia Mtume wetu (S.A.W.), imekusanya mambo mawili pamoja: amri ya kusoma, na ukumbusho wa namna mwanaadamu alivyoumbwa. Ndugu wasomaji, leo ipo ilimu inayoyaunganisha mambo hayo mawili, na vijana wa skuli za sekondari wanashindana kwayo. Jina lake ni bayoinfomatiki, yaani kuzichungua siri za viumbe kwa hisabati na kompyuta.

Fahamuni kwamba ndani ya mwili wa kila mtu mna maandishi ya vinasaba. Herufi zake ni nne tu, nazo zimepangwa kwa safu ndefu ipatayo herufi bilioni 3. Wataalamu wa nchi mbalimbali walianza kazi ya kuyasoma mwaka 1990, na mwaka 2003 wakatangaza kuwa wamemaliza sehemu yake kubwa. Kazi ya bayoinfomatiki ni kulinganisha: kuiweka safu hii kando ya safu ile, na kutazama wapi zimekhitilafiana.

Aliyesoma chuoni hatalistaajabia jambo hili. Mtoto akitamka kafu mahali pa qafu, neno la Kiarabu lenye maana ya moyo hugeuka likawa mbwa. Ndiyo maana mwalimu humrudisha akasoma tena. Katika vinasaba pia herufi moja hutosha. Maradhi ya selimundu, yanayowatesa watoto wengi katika nchi zetu, asili yake ni herufi moja iliyobadilika. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, chembe nyekundu za damu yake hupinda mfano wa mundu.

Miongoni mwa mashindano makubwa ya vijana duniani ni Maonyesho ya Kimataifa ya Sayansi na Uhandisi, yaliyoanza Philadelphia, Marekani, mwaka 1950, na ambayo siku hizi hukusanya wanafunzi wa nchi zaidi ya 60. Humo bayoinfomatiki ina fungu lake mbali. Mwaka 2023, katika mji wa Dallas, kijana wa miaka 17 alitunukiwa dola 50,000 kwa kuchungua kwa kompyuta mabadiliko ya virusi vya mpox yaliyovizidishia nguvu ya kuenea.

Wala tusiseme kuwa mambo haya ni ya matajiri peke yao. Hazina ya vinasaba iitwayo GenBank, iliyofunguliwa mwaka 1982, iko wazi kwa kila mtu bila ya malipo. Na BLAST, programu ya kulinganishia safu iliyotolewa mwaka 1990, ni bure vile vile. Skuli isiyo na maabara yahitaji kompyuta, intaneti, mwalimu wa kuongoza, na subira. Hapa Afrika ya Mashariki, mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa mwaka 2011, hupokea uchunguzi wa wanafunzi wa sekondari.

Lakini enyi wazazi, tamaa ya zawadi isitupoteze. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya chakula, akakuta chini kimerowa na juu kikavu, akamkaripia mwenye mali. Basi kijana anayebuni tarakimu, au anayepeleka kazi iliyofanywa na baba yake kwa jina lake mwenyewe, huuza chakula kilichorowa. Na khasara haimpati jaji peke yake. Wengine huja wakajenga juu ya uchunguzi huo, na mwisho wake ni dawa ya mgonjwa. Vinasaba vya watu navyo ni amana: havichukuliwi pasipo idhini yao, wala havitangazwi.

Kwa hivyo tuwahimize watoto wetu, wa kiume na wa kike. Binti aliyehitimu Msahafu kwa kuangalia kila herufi tayari ana nusu ya silaha ya ilimu hii. Tusimzuie kuipata nusu ya pili. Tumsikilize anapoeleza, tumuulize amejuaje, na akirudi bila ya tuzo lakini kazi yake ni ya kweli, tumpokee kwa furaha.

Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu ilimu yenye manufaa na ukweli wa kuibeba. Amin.